Mwaka Ambao Ua la Mwali Halikutoka

Kukaa ndani mimi siwezi. Wanangu wanajua, na marehemu mume wangu alilijua hilo tangu siku za mwanzo za ndoa, aliponikuta nimetandika mkeka uani na mlango wa chumba nimeuacha wazi kabisa. "We mwanamke, una ugomvi gani na milango?" akaniuliza. Nikamwambia ni joto. Haikuwa joto. Miaka yote nimeuza samaki wa kukaanga na korosho hapa barabarani Somanga, nikikimbilia madirisha ya mabasi yaendayo Lindi, na watu wakanisifu kwamba Mama Hadija ana bidii. Bidii gani? Nikikaa kidogo tu mguu unaanza kucheza wenyewe. Basi alipokuja mtu wa bodaboda asubuhi ile kuniambia Bi Asumini amefariki, alinikuta tayari nimesimama. Nilijifunga kanga, nikapanda, na njia nzima nikawa namgombeza mtoto wa watu aongeze mwendo, utadhani marehemu angeondoka bila mimi. "Mama, barabara ni mbovu," akaniambia. Nikamjibu ubovu wa barabara hiyo niliujua kabla baba yake hajazaliwa.

Pale msibani wanawake walikuwa wamejaa mkekani. Wakanisogezea nafasi. "Kaa, Somoe, pole sana." Nikasema nakaa, na sikukaa. Nilikuwa naangalia mlango wa chumba alicholazwa Bi Asumini. Nyumba imejengwa upya, ina saruji na bati, lakini chumba kiko palepale na mlango unatazama kulekule jikoni. Ndani ya chumba hicho mimi niliwekwa mwali mwaka ule tulipohamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, na Bi Asumini ndiye aliyekuwa kungwi wangu, yaani yeye ndiye aliyenifunza, aliyenilisha, na aliyenifungia. Mpaka anaingia kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho, nina wajukuu na meno yamepungua, kila nikija kumsalimia alikuwa ananiitikia vilevile. "Shikamoo, Bi Asumini." "Marahaba, mwali. Umekuja?" Watu wakicheka. Nami nacheka nao, na moyoni inanichoma.

Inabidi nieleze, maana siku hizi hata Nakilanga penyewe hakuna anayepajua. Kilikuwa kitongoji chetu, ndani huko upande wa Likawage, mwendo wa kutwa kutoka barabarani. Ardhi kavu. Maji tulikuwa tunayafuata kwenye kisima cha mchanga, mwanamke anachota kata kwa kata anangoja yajae tena, na katika kungoja huko ndipo habari zote za ulimwengu zilipokuwa zikisemwa. Nyuma ya nyumba palikuwa na kilima cha mawe meupe, na juu ya kilima hicho, si penginepo, liliota ua tuliloliita ua la mwali. Wakati wa mvua usingelitambua. Ni majani mapana tu yamelala chini. Kiangazi kikiingia majani yanakauka, yanapeperuka, unabaki mwamba mtupu. Kisha kiangazi kikifika pale penye ukali wake, ardhi imepasuka na mbuzi wanalamba mawe, siku moja unaona bua limesimama peke yake, halina jani hata moja, na juu yake ua jeupe lenye mstari mwekundu katikati ya kila petali. Linakaa kidogo tu, linanyauka. Vuli inafuata.

Sasa desturi ya Nakilanga ilikuwa hivi. Msichana akishakuwa mkubwa anawekwa ndani baada ya mavuno, haonekani na wanaume, anafunzwa. Vitongoji vingine walikuwa wanamtoa mwali wakishapika pombe au wakishapata mchele wa sherehe. Sisi tulingoja ua. Siku likitoka, kungwi anapanda kilimani peke yake asubuhi, anachuma moja, anarudi nalo hajasema na mtu njiani. Anaingia chumbani, anamchomekea mwali nyuma ya sikio, anamshika mkono na kumwambia, "Toka, mwanangu. Jua ni lako." Vigelegele vinapigwa, na kuanzia hapo wewe ni mwanamke, una neno lako mbele za watu. Ua lisipotoka hutoki. Lakini lilikuwa halijawahi kukosa kutoka, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujiuliza.

Mimi niliingia ndani mwaka ule baada ya kuvuna mtama, nikijua nitatoka kabla ya vuli. Nilikuwa nimeshahesabu kanga zangu. Ndipo malori yakaja. Niliyasikia kabla sijaambiwa, maana mwali kazi yake ni kusikia. Nikasikia sauti ya mwanamume mgeni akisoma majina ya kaya, nikasikia mjomba wangu akibishana kuhusu mikorosho, nikasikia makuti yanashushwa kutoka juu ya paa la jirani ili wenyewe wasirudi. Watu walipakia vinu, kuku, milango. Mimi nilifunikwa kanga gubigubi nikapandishwa kama mzigo, na sikuliona lori lenyewe, mpaka leo sijui lilikuwa la rangi gani. Bi Asumini hakubeba mlango. Alikuwa amepanda kilimani na jembe, akachimba kitunguu cha ua la mwali, kikubwa kuliko ngumi, akakitia kwenye chungu pamoja na udongo wake, akakaa nacho mapajani safari nzima. Nilikuwa nakisikia chungu kinagonga goti langu kila lori lilipopita shimoni.

Kijiji kipya kilikuwa mistari. Nyumba zimepangwa kama watu wa gwaride, karibu na barabara, na bomba la maji liko hatua chache tu. Bomba! Wanawake wa Nakilanga walilizunguka wakalicheka kwa furaha, wengine wakalia. Nyumba tuliyopewa, sisi na Bi Asumini pamoja, ilikuwa ya fito na udongo ambao haujakauka, nikaingizwa chumbani humo ukuta bado una alama za viganja. Ulipoanza kukauka ukapasuka, na Mungu akanipa ufa. Ulikuwa karibu na sakafu, upande wa jikoni. Nikilala kifudifudi naona miguu ya watu, mafiga, na kile chungu cha Bi Asumini kimewekwa chini ya upenu. Dunia yangu ikawa hiyo. Nilijua watu kwa visigino. Chakula kiliongezeka, samaki wabichi kutoka pwani badala ya ng'onda wakavu, ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, na kila sahani ikija Bi Asumini ananiambia, "Kula, unawiri. Ua likitoka wakuone." Nami nakula, halafu naanza kuzunguka chumba, ukuta kwa ukuta, mpaka mama yangu anagonga na kuuliza kama kuna panya.

Na ua likawa linanyweshwa. Hilo ndilo lililotuponza, na naapa hakuna mtu mwingine duniani angekosea hivyo isipokuwa watu wa Nakilanga. Sisi tuliokuwa tunagawana maji kwa kata, leo tuko na bomba, na mgeni wetu yuko kwenye chungu, tumemtoa kwao kwenye ukame. Utamnyima maji? Kwetu mgeni hata kabla salamu haijaisha anapewa maji. Nikiwa nimelala ufani nilikuwa namwona Bi Asumini anakuja na kata asubuhi, anamimina polepole, na jioni tena. "Kunywa, bibi," analiambia. "Shida imekwisha." Wanawake wenzake nao kila anayetoka bombani anamwagia kidogo, kwa thawabu. Kitunguu kikatoa majani. Majani mapana, ya kijani, yananing'inia nje ya chungu yanang'aa. Kiangazi kikafika kwenye ukali wake, mbuzi wanahema, ua hakuna. Majani tu.

Jirani yetu wa mstari ule alikuwa Bi Tausi, Mmwera wa kutoka kitongoji kingine, mtani wetu, mdomo hauna kifuniko. Nilimsikia anacheka jikoni. "Nyie Nakilanga mna mambo! Wenzenu wamebeba milango, nyie mmebeba kitunguu. Sasa nyumba haina mlango na kitunguu hakina ua!"

"Nyamaza, mtani," Bi Asumini akamwambia. "Kitatoa. Kimechoka na safari."

"Kimechoka au kimeshiba? Mtoeni huyo mtoto, jamani. Mtoto anaoza humo ndani. Chukueni ua lolote, mbona asumini ziko, jina lako mwenyewe hilo!"

Nikaona miguu ya Bi Asumini imesimama. Nikasema kimoyomoyo, sema ndiyo, Bi Asumini, sema ndiyo. Akasema, "Mimi mwenyewe nilitolewa kwa ua lile. Na mama yangu. Nikimtoa huyu kwa ua la kuokota nitakuwa nimemdanganya." Alisema kwa upole kabisa, na mimi kule sakafuni nikauma kanga nisipige kelele.

Kesho yake hakuonekana kutwa nzima. Alirudi jua limeelemea, nikaona miguu yake ina vumbi jekundu mpaka magotini. Akamsimulia mama yangu, hapo nje ya ufa. Alikuwa ameamua kurudi Nakilanga kwa miguu achume ua, arudi. Mgambo wakamkamata kwenye njia panda. Wakamuuliza anakwenda wapi, akasema ukweli, kwamba anafuata ua. Wakacheka mpaka wakakaa chini. "Bibi, mmehamishwa ili mpate maendeleo, wewe unarudi porini kwa ajili ya ua? Sema unarudi kwenye mikorosho yako." Akawaapia. Wakamgeuza. "Hawakunipiga," alimwambia mama. "Walinicheka tu. Afadhali wangenipiga." Kisha akachota kata ya maji, na badala ya kunywa yeye akakimwagia chungu. Mama akauliza, "Sasa mtoto?" Akajibu, "Atangoja kiangazi kingine." Nililia siku hiyo mpaka nikapata kwikwi. Kiangazi kingine! Hivi watu wanajua mwaka ni kitu gani ukiwa nao ndani ya chumba?

Vuli ikanyesha, masika ikafuata. Masika hiyo ndipo shule ilipojengwa, nguzo na makuti, upande wa pili wa ukuta wangu ule usio na ufa. Kengele yao ilikuwa rimu la gari limening'inizwa mwembeni, na mwalimu alikuwa kijana wa kutoka bara mwenye sauti ya juu. Ba, be, bi, bo, bu. Watoto wanarudia. Ma, me, mi, mo, mu. Nikabandika sikio ukutani. Haikupita muda nikawa najua yote, nasema pamoja nao kwa mnong'ono, hata mashairi yao, hata hesabu ya kujumlisha. Lakini nilikuwa sioni kitu. Nilikuwa najua sauti ya ba na sijui ba inafananaje. Je, ni ndefu? Ina miguu? Nilikuwa nachora sakafuni kwa kijiti mambo ya kubuni, nasema hii ndiyo ba, halafu nafuta kwa hasira. Siku moja nikamwuliza Bi Asumini kama anaweza kuchungulia aje anionyeshe. Alicheka, akanishika kidevu. "Mimi nijue wapi, mwanangu? Ukitoka utaziona mwenyewe. Ua likitoka tu." Alinipenda yule mama. Sitaki mtu asome haya adhani ni hadithi ya mtu mkatili. Alikuwa ananisuka nywele kila Ijumaa, na ming'oko yake ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, sijaila tena mahali popote. Ndiyo maana ilikuwa vigumu.

Kiangazi cha pili kikaja. Nikawa silali ufani tena kuangalia miguu. Naangalia chungu tu. Majani yalipoanza kuwa manjano kidogo moyo wangu ukaruka, nikasema sasa linajiandaa. Bi Asumini naye akayaona. Akashtuka. "Maskini, limekosa maji!" Akaongeza kata. Majani yakasimama tena, kijani. Nikaona kwa macho yangu, na hapo kitu fulani ndani yangu kikakatika. Sikujua chochote kuhusu mimea, sikujua kama ni maji au ni ugeni au ni laana. Nilichojua ni kwamba halitatoka, mwaka huu wala mwakani, na huyu mama atalimwagia maji na atanipa ugali na samaki mpaka sote watatu tuzeeke.

Asubuhi moja rimu likagongwa shuleni. Bi Asumini alikuwa jikoni ameinama na kata yake. Mimi nikasukuma mlango, ule wa mabua tuliosuka maana wa mbao tuliuacha, nikatoka. Jua lilinipiga usoni nikapepesuka. Nilikuwa mweupe wa kukaa ndani, nimenenepa, nywele zimesukwa vizuri. Kata ikamponyoka.

"Mwali! Rudi ndani!"

"Sirudi, Bi Asumini."

"Nani kakutoa?"

"Nimejitoa."

"Mwali hajitoi, Somoe. Mwali hutolewa." Nilidhani atanishika, na kama angenishika ningerudi, nasema kweli. Lakini hakunishika. Aliketi chini pale kwenye tope la maji aliyoyamwaga. "Mwaka mzima nimekutunza," akasema. "Nilitaka nikutoe vizuri."

"Najua, mama," nikamwambia. "Lakini halitoki." Nikapita. Bi Tausi, aliyekuwa anafagia, alipiga kigelegele kimoja, kisha akaona uso wa Bi Asumini akakikata katikati. Nikaingia shuleni, binti mkubwa kuliko wote, nikasimama mbele ya ubao. Mwalimu akaniuliza nimetumwa na nani. Mimi nilikuwa naangalia. Kumbe ba ina tumbo! Nikacheka peke yangu mbele ya watoto wote, na nikakaa kwenye gogo la nyuma, na sikutoroka hata siku moja mpaka nikajua kusoma gazeti.

Bi Asumini hakusema nami mpaka vuli. Kisha siku moja akaja na sahani ya ming'oko, akaiweka mbele yangu. "Kula, mwali." Nikadhani ni utani, nikacheka. Haukuwa utani. Siku ya ndoa yangu, wakati kungwi anapaswa kumsindikiza bibi harusi kwa mumewe, alikuja mpaka mlangoni na kanga yake mpya, akasimama. "Mimi siwezi kumkabidhi mwali ambaye sijamtoa," akawaambia watu. "Haitakuwa haki." Akanisindikiza Bi Tausi. Iliniuma, na bado inaniuma. Nilipata vyeo vyote ambavyo mwanamke anavipata, mke, mama, bibi, hata mjumbe wa nyumba kumi, na kila nikipata kimoja nikawa na haraka ya kwenda kumwonyesha. Anafurahi, ananipa chakula. Halafu ananiita mwali. Na chungu kiko palepale, kimebadilishwa mara kadhaa kwa kupasuka, kitunguu kilekile, majani tele. Ule mwamba wa Nakilanga ulivunjwa kokoto wakati wa kutengeneza barabara. Nilikwenda mara moja kutazama, nikakuta shimo. Mjukuu wangu mmoja anayesoma mambo ya misitu aliniambia maua ya namna ile yanatafutwa sana sasa, kwamba huota kilima kimoja tu na kikiisha yamekwisha. Nikamwambia liko moja, ila halitoi ua.

Basi siku ya msiba, waliponibana nikae, nikakimbilia nyuma ya jiko. Nikatafuta chungu kwa macho, mazoea tu. Majani hayakuwepo. Yalikuwa yamekauka, yamelala pembeni kama maganda, na udongo umepasuka umeachana na ukingo wa chungu. Katikati limesimama bua, halina jani hata moja, na juu yake ua jeupe lenye mistari myekundu. Zuhura, binti wa Bi Asumini aliyemuuguza, akanikuta hapo, akaanza kulia upya.

"Mama Hadija, usinilaumu. Tangu alale kitandani kila siku ananiuliza, 'Umelimwagia maji?' Nami namwambia nimemwagia. Sikuwa namwagia, mama. Mimi mwenyewe hata kuoga nilikuwa sipati nafasi."

Nilicheka. Msibani, mbele ya mtoto aliyefiwa, nilicheka mpaka machozi yakanitoka na sikujua tena ni yapi. Zuhura akanitazama, kisha akasema polepole, "Lichume. Kila siku alikuwa anasema ni la kwako."

Nikalichuma. Mkono ukanyanyuka wenyewe kwenda sikioni. Ukaishia hewani. Mwali hajitoi. Na aliyepaswa kunitoa alikuwa ndani.

Nikaingia chumbani. Wanawake walikuwa wameshamwosha na kumvisha sanda, wametia rihani, uso bado haujafunikwa. Nikapiga magoti sakafuni, pale palipokuwa na ufa wangu, nikalichomeka ua nyuma ya sikio lake la kulia. Mwanamke mmoja akataka kuuliza, lakini Bi Tausi, ambaye sasa ni mzee na haoni vizuri, akamshika mkono. Nikamwinamia. "Toka, mwanangu," nikamwambia. "Jua ni lako." Wakamfunika. Wanaume wakaitwa, wakabeba jeneza, shahada ikapanda, wanawake wakatoka kumsindikiza kwa macho mpaka njiani. Chumba kikabaki kitupu, kina harufu ya udi na maji. Baadaye nikasikia mtu uani anauliza Mama Hadija kaenda wapi tena, maana yule hatulii. Nilikuwa humo humo chumbani, nimekaa chini, mlango nimeurudisha.